Kishimo Nyuma ya Nyumba ya Shangazi

Shangazi yangu anaishi Rungwe, na nyuma ya migomba yake kuna kishimo ambamo asubuhi zisizo na upepo hukutwa ndege waliokufa. Tulipokuwa wadogo alitukataza kuinama pale. Sababu niliijua nilipokuwa mwalimu wa jiografia Mbeya mjini: hewa ya ukaa hupanda kutoka chini ya mlima uliowahi kulipuka volkano, na kwa kuwa ni nzito, hutuama shimoni kama maji, na anayeinama humo hukosa pumzi.

Mimi na rafiki yangu wa chuo, kaka mmoja wa Iringa, tulikuwa na chaneli mtandaoni ya kufundisha watu mambo ya ardhi. Mimi nilieleza, yeye alirekodi na kuhariri. Nilimwamini kuliko baadhi ya ndugu zangu. Nikampeleka kwa shangazi, aliyetukaribisha kwa ndizi na maziwa mgando, kisha akasimama kando ya kishimo na kutuonyesha kwa fimbo mahali pa kupita. Nikashusha kibatari kinachowaka, mwali ukazimika. Nikawaeleza watazamaji kwa nini, na kwamba mbuzi wala mtoto asilale pale. Lilikuwa somo zuri, na sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Rafiki akaenda kuhariri kwao Iringa. Video ilipotoka, maelezo yangu yote yalikuwa yamekatwa. Walibaki ndege, kibatari na uso wa shangazi, na juu yake maandishi: "Bibi anayefuga mauti."

Nikampigia.

"Sasa dada, sayansi nani anaangalia?" akasema, huku anacheka. "Hii inatembea. Ile nzima tutaweka baadaye."

Hakuiweka, wala ile hakuifuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Ila wahenga hawakututajia kwamba kitakuja na kamera. Nilimchukia, na bado namchukia.

Haukupita muda, jirani wa shangazi akafiwa. Kwetu mwanamke haendi msibani mikono mitupu, basi shangazi akapika sufuria ya kande, nami nikamsindikiza. Wanawake waliipokea kwa mikono miwili, wakaiweka pembeni. Watu walikula, vyakula vya wengine vikaisha. Sufuria yake haikufunuliwa.

Nikatoa simu, nikawaonyesha wanawake somo zima nililokuwa nimebaki nalo. Walitazama kwa adabu hadi mwisho. Mmoja, anayeimba kwaya na shangazi, akanirudishia simu.

"Tumeelewa, mwalimu. Ila yeye pa kukanyaga alipajuaje?"

Nikamjibu kwamba ameishi pale miaka yote. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuosha vyombo.

Tulirudi na sufuria imejaa. Shangazi akawamwagia nguruwe zile kande, akaketi kizingitini. Nikamwambia nitamfuata yule kaka hukohuko Iringa, nimshtaki, aje amwombe radhi mbele ya kijiji.

"Yule mimi simjui, mwanangu," akasema. "Mlango nilikufungulia wewe."