Tulienda na Godoro

Turubai likilowa lina harufu yake, kama kitambaa cha kupangusa meza kilichosahaulika ndani ya ndoo, na mwaka wa 2008 hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yetu. Nyumba yenyewe, kule shambani upande wa Njoro, ilichomwa Januari, kwenye vita vya uchaguzi. Sasa ulikuwa msimu wa baridi, na mimi, mama na mdogo wangu Shiru tulikuwa tunalala kwenye hema kambini Nakuru. Maji yalipitia chini. Mama aliinua godoro kwa mawe lakini asubuhi tulilikuta limelowa upande mmoja, na huo ndio Shiru alioulalia kwa sababu alikuwa mdogo na hakujua kugombana. Akaanza kukohoa. Daktari aliyekuja kambini alimpa dawa, akasema, "Mathe, dawa itasaidia, lakini huyu mtoto anataka mahali pakavu." Halafu akaenda hema ingine. Mpaka leo hayo maneno hunikasirisha. Pakavu penyewe hakusema ni wapi.

Wiki hiyo gari lenye spika lilipita likitangaza kwamba Jumamosi majumba makubwa ya mji yatafunguliwa, watu wote wakaribie, hakuna kiingilio. Ilikuwa siku ya kila mwaka, ya wananchi kuingia na kutazama majengo ambayo siku zingine wanayapita tu. Watu wa mjini walijua. Sisi tulikuwa watu wa shamba, na mwaka huo ukiona kanisa limefunguliwa Jumatatu, ni watu wamekimbilia humo kulala. Geti la polisi likiwa wazi, ni watu wamekimbilia humo. Mama hakungoja kuelezwa. Alikunja godoro akalifunga kamba, akambeba Shiru mgongoni, mimi nikapewa jiko na sufuria.

Tulienda jumba moja la mawe lenye ngazi pana. Askari wa mlangoni alituangalia sana.

"Mathe, na hiyo godoro?"

"Si mmesema watu waingie?"

"Ndio, lakini..."

"Basi tumeingia."

Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Wacha mathe ahamie kwa meya," na laini yote ikacheka. Mama hakugeuka. Ndani kulinukia polishi ya sakafu. Kulikuwa na msichana wa kuelezea wageni habari za jengo, na katika wageni wote hakuna aliyemsikiliza kama mama.

"Na mvua haiingii hapa?" akamuuliza.

"Haijawahi, mama. Tangu enzi ya wakoloni."

Mama akanitazama, akatabasamu. Alienda kona ya ukumbi mkubwa, nyuma ya viti, akatandika godoro, ule upande mbichi akauegemeza ukutani ili ukauke, ule mkavu akaufunika kwa leso. Shiru akalala. Watu walizunguka ukumbi wakiangalia dari, wakifika kwetu wanaangalia pembeni. Mama mmoja Mhindi aliwaambia watoto wake watembee polepole, akatuachia pakiti ya biskuti. Shiru alilala mchana wote bila kukohoa, na mama alikaa kando yake akihesabu ni watu wa hema gani tena awaambie waje kesho.

Jioni askari alikuja na funguo.

"Mama, tunafunga."

"Funga tu, baba. Sisi hatuogopi."

Alibaki amesimama. "Si hivyo, mathe. Ilikuwa ya kuona tu."

"Kuona nini?"

"Jengo."

Mama akaangalia kuta, akaangalia dari. "Tumeona," akasema, akaanza kukunja godoro. Nje kulikuwa kunanyesha. Shiru alianza kukohoa tukiwa bado kwenye ngazi.

Sasa mimi nimemaliza fomu foo, na Shiru anatembea na pampu ya dawa ya kifua kwa mfuko wa sketi. Hiyo siku ya kufungua majumba bado huwa kila mwaka, watu wanapiga picha, na kila mtu ananiambia mambo yalitulia zamani. Sawa, yalitulia. Mama amekodi nyumba ya mawe isiyovuja. Lakini mwezi jana nilipata chumba changu mwenyewe, nikamwita aje akione, nikamfungulia mlango. Alisimama pale nje, mkoba mkononi, akaniuliza, "Nikae mpaka saa ngapi?"