Aliusifia uwanja wake mpaka ukachukuliwa

Jua ndiyo kwanza linachomoza, umande bado haujakauka, na Babu Chokaa anatembea kinyumenyume.

Mkononi ana kopo la rangi lililotobolewa matundu chini kwa msumari. Kila hatua anayorudi nyuma analitikisa, na chokaa iliyochanganywa na majivu ya jikoni inadondoka juu ya kamba aliyoivuta tangu kwenye kibendera cha kona. Hageuki kuangalia anakokwenda. Anasema miguu yake inapajua hapa kuliko macho.

Leo lakini anageuka. Anageuka tena, halafu anasimama. Nyuma yake, pale ambapo mstari ungeendelea mpaka kona ya mbali, kuna lundo la mchanga linalomzidi kimo, na kando yake matofali yamepangwa safu juu ya safu.

"Mstari haufiki," anasema, kopo likiwa limening'inia. "Tangu nianze kazi hii, mstari wangu haujawahi kukosa kufika."

Mchana wa leo, Ijumaa, timu ya wasichana ya shule hii inaikaribisha shule jirani. Ni mara ya kwanza kwa wasichana hawa kuvuka raundi mbili za mashindano na kupewa mechi nyumbani. Jumatatu mafundi wanaanza kuchimba msingi wa madarasa mawili mapya, katikati kabisa ya uwanja. Yaani atakayefunga bao leo, amefunga la mwisho hapa.

Shule yenyewe ni ndogo. Majengo matatu, tangi la maji, ofisi ambayo mlango wake lazima uuinue kidogo ndipo ufunge, na vyoo huko juu ambako kilima kinaanza. Babu Chokaa ni mhudumu. Anafagia, anafyeka, anabeba maji ya walimu, anagonga kengele mwalimu wa zamu akisahau. Kuhusu uwanja hakuna aliyemwajiri wala aliyemtuma.

Aliuanza mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita. Wakati huo palikuwa na visiki, vichuguu na mashimo ambayo mtoto akiingiza mguu alirudi nyumbani akichechemea. Aling'oa, akafukia, akashindilia. Aliokota pipa la mafuta lililotupwa, akalijaza zege, akapitisha bomba katikati, akafunga kamba pande zote mbili. Pipa hilo hulivuta mwenyewe kila baada ya mvua, udongo ukiwa bado laini, akitangulia mbele kama anavuta ng'ombe mkaidi.

"Mimi niliolewa nikijua niko peke yangu," anasema mkewe, mwanamke mcheshi anayeuza maandazi nje ya geti la shule. "Kumbe kuna mke mwenzangu, amelala chali pale shuleni. Mvua ikinyesha, waume za watu wanakimbilia ndani. Wangu anakimbilia nje!"

Anacheka, kisha anaacha kucheka. "Sasa hivi hata sina moyo wa kumtania," anaongeza. "Anakula nusu sahani, anasema ameshiba."

Kinachomla Babu Chokaa si kwamba uwanja unaondoka. Viwanja vingi vimeondoka, na watu wameendelea kuishi. Kinachomla ni kwamba yeye ndiye aliyeutoa, na aliutoa kwa kujisifu.

Hadithi hiyo anaisimulia bila kuizungusha. Wiki ya kwanza ya muhula alikuja kijana mpimaji, amebeba kifaa chake cha miguu mitatu begani. Mwalimu mkuu alikuwa ameitwa kwenye kikao mbali, walimu wengine walikuwa madarasani, hivyo mgeni akaangukia mikononi mwa mhudumu. Aliulizia sehemu iliyopangwa kwa ajili ya madarasa mapya. Babu Chokaa akampandisha nyuma ya vyoo.

Kijana alitazama mteremko, akatazama mawe, akaguna. Akasema kusawazisha mahali kama pale peke yake ni kazi ya kumaliza saruji kabla ukuta haujaanza. Halafu, kwa bahati mbaya, akasema neno lililomchoma mwenyeji wake: kwamba shule za vijijini hazina sehemu tambarare, zote ni mabonde.

"Nikasema, wewe kijana, hujaona tambarare. Njoo nikuonyeshe," anakumbuka Babu Chokaa, na kwa muda mfupi uso wake unang'aa kama siku ile. "Nikachukua mpira ofisini. Nikauweka katikati ya uwanja, nikauachia. Haukwenda popote. Nikauhamishia kule, ukatulia. Golini, ukatulia. Nikamwambia, huu si uwanja, hii ni meza! Hata maji ya mvua hayasimami hapa."

Kijana alicheka kwa furaha. Alisimamisha kifaa chake, akachungulia, akachungulia tena, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, umenipunguzia kazi kubwa," alimwambia.

Babu Chokaa alirudi nyumbani kifua mbele. Alimwambia mkewe kwamba mtaalamu mzima, mwenye vyombo vyake, ameshindwa kuona kasoro. Usiulize alilala vipi usiku ule. Alilala usingizi wa mtoto.

Baada ya wiki mbili kijana akarudi na kamba, vigingi na nyundo. "Nikamuuliza, tunapima nini? Akasema, tunapima uwanja. Mimi kwa miaka nimekuwa nikiomba mtu aje atupimie mistari ya kweli, ya mpira wa kisheria. Nikajua ndiyo hiyo imekuja." Akashika ncha ya kamba. Akapigilia vigingi mwenyewe, kimoja baada ya kingine, tena kwa bidii, akitema mate mkononi. Viwili aliona havijanyooka, akaving'oa na kuvipigilia upya.

Mwalimu mkuu, mama wa makamo anayefundisha pia darasa la saba, alitoka wakati wa mapumziko akakuta kazi imekwisha.

"Nilimwuliza, Babu, mbona msingi uko katikati ya uwanja?" anasimulia. "Akaniambia, msingi gani, Mwalimu? Hii ni mistari. Nikamwangalia yeye, nikaviangalia vile vigingi. Nilitamani ardhi inimeze, maana mimi ndiye niliyetakiwa kumwambia."

Mwalimu mkuu hakukaa kimya. Alikwenda kwa wakubwa wa elimu, akasubiri kwenye benchi, akaingia, akaeleza. Jibu alilorudi nalo lilikuwa fupi: ramani imeshapitishwa. Shule ikikataa sehemu hiyo, madarasa yatapelekwa shule nyingine iliyoomba, na waombaji ni wengi.

Jambo hilo likaletwa kwenye kikao cha wazazi. Hapo ndipo Babu Chokaa angeweza kuuokoa uwanja wake, na anajua hivyo. Wazazi walikuwa wamegawanyika. Wengine walisema madarasa kwanza, wengine wakasema watoto wao walijifunza kukimbia pale na hawako tayari kupaona pakichimbwa. Mwishowe mzazi mmoja akasimama akasema maneno yaliyopigiwa makofi: uwanja ule ni jasho la Babu Chokaa, basi aseme yeye. Akisema hapana, na sisi hapana.

Ukumbi, ambao kwa kweli ni darasa la tatu na la nne, ukamgeukia.

Na darasa lenyewe ndilo lililomjibia. Chumba hicho kina wanafunzi zaidi ya mia moja. Wa la tatu wanatazama ubao wa mbele, wa la nne wamewapa mgongo na kutazama ubao wa nyuma, na walimu wawili wanafundisha kwa wakati mmoja wakishindana sauti. Mjukuu wa Babu Chokaa yumo upande wa la tatu, dawati la mwisho, mgongo kwa mgongo na wakubwa zake.

"Anarudi nyumbani na nusu ya hesabu za la tatu na nusu ya sayansi ya la nne," anasema babu yake. "Jioni moja nilimwuliza, tano mara sita ni ngapi? Akanijibu, Babu, ni mmea unaohitaji mwanga wa jua. Tulicheka sana. Lakini nilipokaa peke yangu sikucheka."

Alisimama mbele ya wazazi, akashika kofia yake. Alikuwa amepanga maneno mengi. Lilitoka moja.

"Nikasema, jengeni. Nikakaa. Nikahisi kama nimemfukuza mtu nyumbani kwake, na mtu mwenyewe hajanikosea."

Anajuta? Anaitikia kabla swali halijaisha. "Ninajuta sana. Sijutii madarasa, mwanangu, andika hilo vizuri. Yale nayataka kuliko wote. Ninajutia mdomo wangu. Ningenyamaza siku ile, tungekuwa na madarasa kule juu na uwanja huku chini. Vyote viwili. Kilichonifanya niseme ni nini? Kutaka kusifiwa na mtoto wa watu."

Mwalimu mkuu haoni hivyo. Anasema kule kwenye mteremko huenda fedha zingeishia kwenye kuchonga mawe, na leo wangekuwa na shimo badala ya madarasa. Amemwambia hivyo zaidi ya mara moja. Babu Chokaa humsikiliza kwa heshima zote, kisha huenda kuchukua ufagio wake.

Saa sita mchana lori jingine likaja. Lilikuwa limeahidiwa Jumatatu, lakini dereva alisema yeye anafuata alichoambiwa, akamwaga mchanga karibu na goli la kaskazini na kuondoka. Babu Chokaa alikimbia na koleo, mkewe akaacha maandazi akaja na ufagio, wasichana wenyewe wakaja na mikono, wakiwa wameshavaa jezi. Walisafisha walichoweza. Filimbi ikalia wakiwa bado wameinama.

Mechi ilikuwa nzuri, na watu walijaa mpaka juu ya matofali. Wageni walipata bao mapema, kwa mpira wa kona. Kipindi cha pili wenyeji wakakaza, na dakika za mwisho nahodha, msichana mrefu wa darasa la saba mwenye mbio za swala, akamtoka beki wa mwisho na kumpasia mwenzake aliyebaki na goli tupu. Mwenzake akaugusa mpira kidogo tu, kwa sababu kwenye uwanja wa Babu Chokaa kugusa kidogo kunatosha.

Mpira ukabingirika ukielekea golini. Ukafika kwenye mchanga uliosambaa mbele ya mstari, ukapunguza mwendo, ukasimama. Kipa akarudi mbio, akauokota kama anaokota embe.

Watu walipiga kelele, wengine walishika vichwa. Babu Chokaa hakufanya lolote. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya goli, ufagio mapajani, na alipoinuka mechi ilikuwa imekwisha, moja kwa bila.

"Ule mpira nimeuzuia mimi," alisema.

Nahodha alimsikia. Alikuja na jasho lake na machozi ambayo hakuyaficha, akakaa chini karibu naye. "Babu, acha hizo," akamwambia. "Yule hata ungemlainishia kwa mafuta angekosa. Ule mguu wake wa kushoto huujui wewe?"

Aliyekosa alikuwa amesimama hapohapo. "Nakusikia!" akasema, na wote watatu wakacheka kicheko cha watu waliofungwa.

Kijana mpimaji naye alikuwapo. Alikuja kuhakiki vigingi kabla ya Jumatatu, akajikuta anatazama mpira mpaka mwisho. Alimfuata mhudumu kwa adabu, akionekana hajui aweke wapi mikono yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nilikuwa sijauona ukichezewa," kijana akasema. Akatazama mistari. "Nilikuwa sijauona." Baadaye akakohoa. "Mzee, mwakani huenda ikajengwa nyumba ya mwalimu. Bado tunatafuta sehemu. Kule nyuma ya vyoo pakoje siku hizi?"

Babu Chokaa aliondoa nyasi moja kwenye ufagio.

"Kule? Mawe matupu."

"Hata kidogo hapafai?"

"Na nyoka."

"Nyoka?"

"Wengi," akasema Babu Chokaa. "Wakubwa. Usipande."

Kijana alimwangalia, kisha akaangalia chini. Huenda aliona kile ambacho na mwandishi wa makala haya alikuwa amekiona tangu asubuhi: pindo za suruali ya mzee zilikuwa na udongo mwekundu, na udongo wa uwanja huu ni mweusi. Huenda pia aliona kwamba lile pipa la zege halikuwa mahali pake chini ya tangi, na kwamba alama yake ardhini, pana na iliyoshindiliwa vizuri, ilikuwa inapanda taratibu kuelekea vyooni. Kama aliviona hakusema. Alifunga miguu mitatu ya kifaa chake, akaaga, akaondoka.

Watu walipotawanyika, Babu Chokaa alikubali kumpandisha mwandishi huko juu, kwa masharti. Asipige picha. Asiandike anachokiona. Kitu kimoja tu ndicho kilichoruhusiwa: kwamba kuna jiwe kubwa, la kumfika mtu kiunoni, limekaa katikati. Hilo ni kweli, lipo. Kwa nini yeye, aliyeng'oa mawe mengine, ameliacha hilo?

"Hilo litatoka la mwisho," alisema, akilipigapiga kwa kiganja. "Siku wasichana watakaposimama hapa na jezi zao, filimbi ikiwa mdomoni mwa mwamuzi. Kabla ya hapo halitoki. Mimi sina miaka mingine kumi na tisa, mwanangu. Huu ukichukuliwa, basi."

Kutoka pale alipo, uwanja wa chini unaonekana wote, na mistari yake ya asubuhi, myeupe kwa chokaa, ikiishia kwenye mchanga. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Safari hii sisemi," alisema. "Na wewe usinisifie."

Basi na ifahamike kwa kila mtu, hasa kwa wale wanaotembea na kamba na vigingi: nyuma ya vyoo vya shule hii ni pabovu kabisa. Kuna mawe. Kuna nyoka.