Maneno ya Kufukuza, na Mama Asumini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kaka yangu, vikubwa kuliko miguu yangu, nikaingia ofisi ya teritware, yaani ya wilaya, nikikanyaga polepole visitoe kelele. Ilikuwa miaka ya hamsini, na Kisangani bado iliitwa Stanleyville. Sisi vijana tuliosoma kwa wamisionari Waingereza, kando ya mto chini ya mji, tulitafutwa kwa kuwa tulijua Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha serikali na Kiingereza cha misioni. Karani mkuu, mtu wa makamo, alinitazama toka kichwani hadi vile viatu.

"Bon," akasema. "Wewe iko mukalimani. Mutu akisema 'mimi', na wewe sema 'mimi'. Usiseme 'yeye anasema'. Usiongeze kitu, usipunguze kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, papa."

Kwanza nilipelekwa bandarini, kwa wafanyabiashara waliozungumza Kiingereza. Huko nilijifunza neno *discharge*, yaani kushusha mizigo melini. Baadaye nikalisikia kwa daktari, mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, na kwa bwana wa kiwanda, mfanyakazi akiachishwa kazi. Nilishangaa kwamba gunia, mgonjwa na kibarua wanatoka kwa mlango mmoja. Nilikuwa kijana, nikaona ni jambo la kuchekesha.

Kisha nikahamishiwa ofisini kwa Msimamizi wa teritware, Mbelgiji mrefu aliyependa kazi iishe kabla ya joto la mchana. Hapo sikucheka tena. Sheria ya wakati ule ilisema mwenyeji asiye na kazi wala ruhusa hakai mjini. Anarudishwa kijijini kwao. Wabelgiji waliita *refoulement*. Asubuhi nyingi kazi yangu ilikuwa hiyo tu: Msimamizi anasema sentensi moja, mimi naigeuza Kiswahili, mtu mbele ya meza anainamisha kichwa, polisi anamshika mkono. Wengine walinitukana mimi, kwa kuwa maneno yalitoka kinywani mwangu. Nikifika nyumbani nilikuwa sitaki kuongea na mtu.

Mama Asumini alifika na kitambaa cheusi kichwani. Tulimjua wote. Alikuwa akitupikia mikate, ile midogo ya mafuta, akiiuza barabarani mbele ya ofisi, na hata Msimamizi alikuwa akiagiza. Mume wake, fundi wa mashine za meli, alikuwa amefariki muda si mrefu. Nyumba yao katika mtaa wa Mangobo ilikuwa ya kampuni, na kampuni iliitaka. Mama hakuwa na mtoto.

"Arudi kwao Maniema," alisema Msimamizi. Nikatafsiri.

Mama Asumini hakumtazama Msimamizi, alinitazama mimi. "Mutoto wangu, kwetu wapi? Mimi nilikuya hapa mugongoni mwa mama. Ile kijiji hata jina ya chifu sijue. Nyumba iko ya kampani, sawa, waikamate. Lakini muji iko ya nani?"

Nikasema kwa Kifaransa, kama nilivyofundishwa: "Mimi nilikuja hapa mgongoni mwa mama yangu." Msimamizi aliwasha sigara.

Kabla polisi hajaitwa, aliingia Mademoiselle, muuguzi Mwingereza wa misioni ambaye Mama Asumini alikuwa akimfulia mashuka ya wagonjwa. Alikuwa amepata habari, ametoka kwenye mtumbwi moja kwa moja, sketi yake imelowa. Kifaransa chake kilikuwa kibovu, basi akaniambia kwa Kiingereza:

"Muulize Msimamizi vizuri. Ni *evict* au ni *expel*?"

Nilimweleza Msimamizi kwa Kifaransa. *Evict* ni kumtoa mtu ndani ya nyumba. Kama ni hiyo, mama angeweza kulala misioni, maana chumba kipo. *Expel* ni kumtoa mtu mahali pote, mji mzima pamoja na kandokando yake. Tena nikataja *banish*, kumpeleka mtu mbali kama adhabu, nikauliza kama mama alikuwa na kosa lolote.

"Hana kosa," alisema Msimamizi. "Hana mume. Mwanamke wa peke yake bila ruhusa hakai mjini, wala misioni. Misioni nayo iko ndani ya teritware yangu. Donc, basi, ni mji mzima."

"Basi ni *expel*," nikamwambia Mademoiselle.

Alibishana mpaka sauti ikamkauka. Mwisho Msimamizi, saa yake mkononi, alisema kwa uchovu: "Mgonjwa tu ndiye simfukuzi. Kama ni mgonjwa, mtibu. Akipona, anaondoka."

Mademoiselle alikuwa mtu asiyesema uongo hata wa mzaha. Tukatoka watatu, tukapanda mtumbwi, na njiani Mademoiselle aliniambia anaomba amkute mama na ugonjwa mdogo tu, malaria au kidonda, kitu cha kumpa mama miezi michache huku akiandika barua kwa wakubwa.

Alimpima kwenye chumba cha zahanati, mimi nikiwa nje ya pazia. Alichukua muda mrefu. Halafu akamwita daktari wa misioni, naye akapima. Pazia lilipofunguliwa, uso wa Mademoiselle ulikuwa umebadilika. Chini ya titi la mama kulikuwa na uvimbe mgumu, na mwingine kwapani, wa zamani.

"Mwambie," alisema. "Mwambie ni mgonjwa sana, na hatuna dawa yake. Mwambie atakaa hapa na sisi."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikasema yote, bila kuongeza, bila kupunguza. Mama Asumini alinisikiliza akifunga vifungo vya blauzi.

"Daktari amesema niikale?"

"Ndiyo, mama. Ukae hapa."

"Bwana wa teritware hataweza kunitosha?"

"Hataweza kukutoa."

Akapiga makofi mara moja, akacheka, akamshika Mademoiselle mikono yote miwili. "Merci, Mademoiselle. Merci mingi! Mwambie kesho nitaanza mashuka." Nikatafsiri na hilo. Mademoiselle aligeuka kutazama dirishani.

Alifua mashuka mpaka mikono ikakataa. Alifariki kabla mvua kubwa hazijaisha, akazikwa pale pale, juu ya ukingo wa mto. Misioni wakaleta mwalimu wa Kiislamu kutoka mjini amsomee dua, kwa kuwa ndiyo dini yake. Msimamizi aliposikia alisema, "Pole," kisha akaomba faili inayofuata.

Nilifanya kazi ile hadi uhuru, na baada ya uhuru nikaifanya chini ya wakubwa wengine, weusi kama mimi, ambao nao walikuwa na watu wa kufukuza. Nilistaafu macho yakiwa yamechoka. Sasa wanafunzi wa mtaa wa Kabondo wananijia na masomo yao, wananiuliza, "Papa, kazi ya mukalimani iko muzuri?" Nawaambia inalisha watoto. Nawafundisha maneno, kila neno na mahali pake, kwa kuwa mtu akifukuzwa ana haki ya kujua anatolewa wapi.

Mara nyingi sana nilitafsiri mtu akiambiwa aondoke, na jicho langu likabaki kavu. Mama Asumini, siku ile, nilimwambia abaki. Nikatoka nje ya zahanati, nikakaa kwenye ngazi, nikalia mpaka mwenye mtumbwi akaja kuniuliza kama ninarudi mjini au nalala.