Lozi za Harusi ya Mama

Mama yangu alifunga ndoa kanisani akiwa na wajukuu. Yeye na baba walikuwa wameishi pamoja Amukura tangu ujana wao, padri akiwasukuma kila mwaka mpaka wakachoka kumkwepa. Keki aliioka mume wangu. Majirani zetu wa Burumba walimcheka alipoanza, mwanamume mzima na aproni, lakini sasa hao hao ndio wa kwanza kuagiza. Sijaona mtu mwenye subira kama yake mbele ya bakuli, na nasema hivyo mimi ninayemjua asubuhi kabla hajanywa chai.

Shida ilikuwa shukrani. Kwetu, mama na mume wa binti yake hawatazamani, hawapeani kitu mkononi wala hawasemezani. Mama anaishika mila hiyo barabara. Lakini tangu asikie ni nani atakayeoka keki yake, alikuwa na hamu moja tu: amshukuru kwa mdomo wake mwenyewe.

"Si unitume tu mimi?" nilimuuliza.

"Wewe utasahau nusu," akanijibu.

Keki ya harusi huvishwa mara mbili: ndani lozi zilizosagwa, juu sukari nyeupe. Lozi tulizipata Malaba, kwa mama mmoja Mganda anayeuza viungo. Mume wangu alizilowesha kwenye maji ya moto, akawa anazibinya moja moja mpaka ganda likateleza, ikabaki punje nyeupe safi. Ningeweza kumtazama mchana kutwa. Kisha blenda ikaungua, nikatumwa na lozi zangu Amukura, kwenye jiwe la mama la kusagia simsim.

Mama akaichukua moja, akaitafuna. "Hii njugu ya wazungu iko mbichi," akasema, na kabla sijamaliza kusalimia watu zilikuwa ndani ya kikaango. Kwetu hakuna anayesaga njugu bila kuikaanga. Nikapiga simu mbio.

"Mwambie asikaange!" mume wangu akasema.

"Ashakaanga."

"Zimekuwa rangi gani?"

"Ya maandazi."

"Basi mwambie asage polepole, zisitoe mafuta."

Mama alipiga magoti akasaga kidogo kidogo, akigeuza jiwe kila alipoona unga unaanza kung'aa. Hakuwahi kuziona lozi maishani mwake, lakini mikono yake ilizijua. Harufu iliyotoka pale ilivuta watu hadi mlangoni.

Niliporudi Burumba mume wangu alionja kwa ncha ya kidole, akafumba macho. Akachanganya na sukari laini na ute wa yai, akakanda mpaka likawa donge lisiloshika mkono. Akalisukuma, akaipaka keki jemu ya nanasi, akaivisha. Vazi hilo la ndani lilikuwa la kahawia badala ya nyeupe.

"Sisagi tena bila kukaanga," akasema. Niliwaonea fahari wote wawili mpaka nikaona aibu.

Siku ya harusi, keki ilipokatwa, mshereheshaji, kijana wa kutoka mbali asiyejua mambo yetu, akanguruma: "Sasa fundi wa hii keki aje hapa mbele alishwe na bibi harusi!"

Wamama waliguna. Mume wangu, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa katikati ya watu, akainamisha kichwa akaangalia viatu vyake. Baba akakohoa. Nilianza kuinuka nikaokoe jahazi, lakini mama alininyooshea kiganja: kaa.

Akamwachia baba sahani, akamnyang'anya yule kijana maikrofoni. Akageuka, akaupa mgongo upande aliosimama mume wangu.

"Nyinyi wote mmekuja hapa," akasema, "mimi nasema asante kwa hii keki. Mmenipikia vizuri. Tangu nizaliwe, hakuna mtu alishanipikia kitu namna hii. Mungu awabariki mikono."

Shangazi zangu wakatazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kugusa keki hiyo. Kisha wakaelewa, wakaanza kucheka, na hema zima likaitikia kwa sauti moja: "Karibu, mama!"

Na katikati ya sauti hizo zote niliisikia ya mume wangu. Mama naye aliisikia. Nilimwona akifuta macho kwa ncha ya shela.