Namba Alizozifuta Stratis

Shemeji yangu Stratis Kalamaras alipima ozoni miaka ishirini na miwili kwenye kituo cha hali ya hewa, mlimani juu ya mji wetu. Kila adhuhuri aliisukuma juani spektromita yake, chombo cha kupimia mwanga, ndefu kama jeneza la mtoto, akazungusha kitasa mpaka mshale usimame kwenye sifuri, akaandika namba kwa penseli. Dada yangu Evanthia alishazoea kumwekea maharage yakapoa kabla hajarudi.

Satelaiti ya wageni ilipoanza kupita, ikipima miale ya urujuanimno inayorudishwa na dunia, namba zake na za Stratis zilikwenda bega kwa bega. Mwaka wa tano zikaachana. Za angani zikashuka, za Stratis zikabaki palepale.

Akaja mkuu mpya kutoka Athene, Daktari Vrettos.

"Mzee Stratis, kilichozeeka ni chombo au ni macho?"

"Chombo nimekikagua kwa taa zake wiki iliyopita. Kizima."

"Kwa hiyo satelaiti inadanganya, wewe na pombe yako ya tsipouro ndio wakweli? Kituo kisicholingana nayo kitafungwa. Sahihisha."

Nauza mafuta ya zeituni tangu nina miaka kumi na minne. Mizani yako huigeuzi kwa kufuata ya jirani kabla hujauliza ya jirani ilikaguliwa lini. Lakini sitajisafisha: angeniuliza, ningemwambia asahihishe ale mkate.

Akasahihisha. Na kwa kuogopa daftari lisionekane na namba mbili mbili, zake alizifuta kwa raba. Miaka minne.

Kisha wenye satelaiti wakaandikia vituo vyote. Lile bamba linaloipa satelaiti mwanga wa jua ili ijikague, jua lenyewe lilikuwa likiliunguza kila lilipofunguliwa. Bamba limefifia, namba zimepotoka. Tafadhali leteni vipimo vya ardhini kama mlivyovisoma, tuzinyooshe.

Stratis aliisoma barua mezani mara mbili.

"Rahisi," nikamwambia. "Rudisha ulichopunguza."

"Sikupunguza, shemeji. Nilinakili. Kila mwezi karatasi zao zikija, nafuta yangu, naandika yao. Sasa niwanyooshe kwa namba zao wenyewe?"

"Miaka minne," Evanthia akasema, "maharage yangu yamepoa bure."

Nilimshauri abuni. Nani angejua? Alinitazama kama niliyemuuzia mafuta yenye maji. Alishadanganya mara moja kwa kuamriwa. Kwa hiari hakuweza.

Akampigia simu Vrettos, ambaye kufikia hapo alikuwa amepandishwa cheo.

"Niliwahi kukuandikia ufute? Una karatasi yenye saini yangu?"

Hakuwa nayo. Akajibu ile barua kwa neno moja: Hatuna. Kituo kikafutwa kwenye orodha ya vituo vya ozoni, spektromita ikafunikwa turubai.

Siku hizi anapima mvua. Saa sita yuko nyumbani, anakula maharage ya moto.