Nilivyoanguka na sketi ya Kirumi mbele ya mama mkwe ili mwanangu aache kuniogopa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu poleni na mihangaiko.

Hiki nakiandika kama kilivyotokea. Mke wangu naye ni member humu, huwa anasoma kimya kimya, nikitia chumvi ataniumbua mwenyewe hapo chini.

Mimi ni Msukuma, naishi Ifakara. Wazee walishuka huku na ng'ombe nikiwa mdogo, ng'ombe wakaisha, sisi tukabaki. Naendesha mashine ya kukoboa mpunga. Mke wangu ni Mndamba, na tuna binti mmoja, Kabula, wakati huo yuko chekechea.

Sasa Mungu kanijalia urefu. Kigangoni kwetu kila Ijumaa Kuu tunaigiza Njia ya Msalaba, na katekista akitafuta askari wa Kirumi haangalii kipaji, anaangalia nani kawazidi wenzake kimo. Nikapewa kuwa yule anayemchapa Yesu mijeledi.

Kofia katekista alinitengenezea kwa kidumu cha mafuta ya kula, akakipuliza rangi ya fedha, juu akagundisha nywele za ufagio alizopaka nyekundu. Joho lilikuwa shuka letu la kitandani. Chini sketi. Nilijiona nimetoka, hata selfie nilipiga.

Tulichosahau mimi na mke wangu ni kumwambia Kabula kwamba yale ni maigizo. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia.

Alikuwa mstari wa mbele na bibi yake, mama mkwe wangu, aliyekuja kula Pasaka kwetu kutoka Masagati. Yesu wetu ni fundi pikipiki, rafiki yangu sana, na jamaa anajua kulia. Nikanyanyua kamba, nikashusha, akapiga yowe hadi akina mama wakaanza kufuta machozi.

Nikatupa jicho kwa mwanangu. Hakulia. Aligeuka akaficha uso kwenye khanga ya bibi yake.

Jioni nimerudi nyumbani namwita, haji. Namfuata, anakimbilia chumbani. Nikichota maji nimnawishe, anarudisha mikono nyuma.

Mama yake akamuuliza kuna nini. Akasema, "Baba ndiyo alimpiga Yesu."

Wakuu, hicho kitu kiliniuma. Huyu ni mtoto ambaye nikirudi kazini na vumbi la pumba mwili mzima ananirukia hivyo hivyo.

Nikaeleza. Nikamwonesha kofia, nikamwambia ona, hili ni dumu la mafuta. Wapi. Nikapata wazo ambalo niliona ni la akili sana: Jumapili ya Pasaka nikamwalika fundi pikipiki aje kula pilau, ili mtoto amwone mzima, hana hata mkwaruzo.

Kabula akamwangalia jamaa anavyokula, akamgeukia mama yake akasema, "Amefufuka."

Kucheka tulicheka. Lakini kwangu bado hakuja. Kufufuka kwa Yesu hakukufuta kwamba nilimpiga.

Mama mkwe akaamua. Alimwambia mke wangu kwamba ataondoka na mjukuu wake, akae Masagati mpaka asahau. Kwa msiopajua, Masagati ni mbele ya Mlimba, masika barabara inakatika, ukimpeleka mtu mwezi wa nne ujue mtaonana baada ya mavuno. Na mbaya zaidi, mtoto mwenyewe alipoulizwa kama anataka kwenda, aliitikia haraka.

Mtasema ningekataa. Wakuu, kwetu mkwe huwezi kubishana naye. Mimi mama mkwe akiwa sebuleni nakula nje, na salamu natoa nikiwa nimeinamisha kichwa. Kwa hiyo nguo za Kabula zikaanza kukunjwa na mimi nikaangalia tu. Nilikuwa na majonzi ambayo sikumwambia mtu.

Siku moja kabla ya safari nikapita kwa kijana mmoja sokoni anayeweka muvi kwenye flashi. Nikamwambia niwekee katuni zilizoingizwa Kiswahili, nilitaka mtoto aondoke na kumbukumbu nzuri ya nyumbani. Nikampa mama yake achomeke kwenye TV, mimi nikakaa kibarazani karibu na mlango.

Ya kwanza ilikuwa ya sungura. Ya pili ikaja, nachungulia hivi, naona kofia ya fedha yenye nywele nyekundu juu.

Warumi.

Nilitaka kuingia nizime, lakini mama mkwe yumo ndani. Nikabaki nimeganda.

Kumbe hao walikuwa Warumi wa vichekesho. Mmekutana nao bila shaka. Kaisari kanenepa, kalala ubavu analishwa zabibu. Askari wanatembea mguu sawa, wa mbele akisimama wote wanagongana kama madebe. Mmoja wao alikuwa mrefu, mwoga, anakimbizwa na bata bukini. Na DJ aliyeingiza sauti za Kiswahili, kwa utani wake, kampa lafudhi ya Kisukuma. Jamaa anamsogelea bata, anainamisha kichwa anamsalimia Kisukuma, "Mwangaluka," bata anamdaka sketi, puu, kwenye sufuria ya uji.

Kabula akacheka. Kile kicheko cha tumboni ambacho sikuwa nimekisikia tangu Ijumaa Kuu.

Akasema, "Bibi, huyu anaongea kama baba."

Bibi hakufurahi. Akasema Warumi walimuua Bwana, si watu wa kuchekewa. Na niseme ukweli, sikuona kama amekosea. Warumi wa hizo katuni hawana msalaba, hawana mijeledi, wana matumbo na sketi tu. Ukizifuata unaweza kudhani walikuja duniani kuteleza. Huwa najiuliza kama ni haki. Ila pale nilikuwa baba anayenyang'anywa mtoto kesho yake, nikaona maswali yatasubiri.

Nikazunguka stoo. Nikavaa kofia, nikafunga shuka, nikavuta sketi. Nikaenda kusimama uani, mbele ya mlango, na mvua ilikuwa bado inanyunya.

Kuku wetu wakatawanyika. Nikajifanya wananikimbiza mimi. Nikazunguka ua napiga kelele za uoga, nikamwinamia jogoo, nikamwamkia "Mwangaluka," halafu nikajiachia chali kwenye tope.

Sketi ilikwenda ilikokwenda. Asante Mungu nilivaa bukta.

Nafumbua macho, mama mkwe yuko mlangoni kajifunika uso kwa khanga, mabega yanamtikisika. Sikujua analia au anacheka. Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu hilo nililofanya mzee wangu angelisikia angeniitisha kikao.

Kabula akampita bibi yake, akaja na miguu yake mitupu kwenye tope. Akanishika kidole, akavuta.

"Baba amka, bata ameondoka."

Nililia wakuu. Mvua ilisaidia kidogo.

Mama mkwe akaongea akiwa bado kajifunika: "Baba Kabula, inuka utaugua." Kesho yake alipanda treni peke yake.

Mwaka uliofuata katekista akaja tena na kofia yake. Nikakataa. Kabula ndiye aliyesema niende.

Basi nikasimama pale, fundi pikipiki kapiga magoti. Nimenyanyua kamba, nikasikia sauti ndogo kutoka mbele:

"Baba, polepole. Anaumia."

Mkono ukagoma. Yesu akaninong'oneza, "Piga bwana, mvua inakuja." Nikashindwa. Nikachapa ardhi pembeni yake, kidogo tu, na akina mama walilia kuliko mwaka uliopita. Mama mkwe alikuwepo, naye alilia.

Nilichojifunza: niliogopa kile kichekesho kitamwondolea mwanangu huruma. Kilimwondolea hofu tu. Alijua yule ni baba yake, alijua ni maigizo, na Yesu bado alimwonea huruma.

Nyie wenzangu, kuna aliyewahi kuogopwa na mtoto wake? Mlifanyaje? Na mnaowakataza watoto hizo katuni za Warumi, semeni sababu zenu, sitabishana. Mama Kabula, najua umefika hapa chini, ruksa kunisahihisha.