Ndizi Zenye Haya

Enzi zetu kule Nandagala, ndizi zilikuwa na haya kuliko vijana wa siku hizi. Hayo alituambia Bibi, mama yake baba, nasi tukaamini. Alikata mkungu ungali mbichi, akazipanga chana ndani ya mtungi mkubwa, akafunika kwa majani ya mgomba na kuziba kwa udongo. Hapo ndizi zimevundikwa. “Ukizichungulia zinaona haya, zinagoma kuiva,” alisema, basi tukawa tunapita kando ya mtungi tumefumba macho, tukijikwaa.

Wakati ule Wazungu walikuwa Nachingwea wakiharakisha karanga kwa matrekta. Bibi yeye aliharakisha ndizi kwa mtungi, na kati yao aliyefanikiwa ni Bibi.

Dada yangu Somoe alipovunja ungo, naye akavundikwa. Bibi hakuwa na neno jingine la kumweka mwali ndani. Alimfungia chumba kimoja na mtungi, akatangaza kwamba ndizi zikiiva mwali atatoka, achezewe ngoma, kisha aende Lionja kuolewa na mtu asiyemjua hata kwa sura. Somoe hakutaka. Alilia, lakini siku hizo kilio cha mwali kilihesabiwa kuwa adabu njema.

Ndizi zikagoma. Bibi alizibonyeza, kijani tupu, ngumu kama mchi. “Nani kamchungulia mwali wangu?” akafoka, tusijue anasema ndizi au Somoe. Tukachapwa wote, na macho yetu tuliyoyafumba kwa uaminifu. Watu wa Lionja wakaambiwa wasubiri, kisha wasubiri tena. Somoe huko ndani akaanza kunenepa kwa kula na kulala.

Mwishowe Bibi alitumbukiza papai bivu mtungini, akaziba upya, akahamishia mkeka wake chumbani kwa mwali. Ndizi ziliiva zote kwa pamoja, harufu ikatufuata mpaka kisimani. Somoe akapelekwa Lionja. Nililia sana siku ile, huku natafuna.

Juzi mjukuu wangu, ambaye shingo yake imepinda kwa simu, alituelimisha. Tunda lina gesi yake, alisema, inaitwa ethilini, haionekani. Ndiyo inayoliivisha lenyewe na kuyaambukiza ya jirani. Papai bivu linayo tele. Ila pakiwa na upenyo, gesi inatoroka na matunda yanachelewa.

Somoe, ambaye sasa ni mjane na alikuwa amekuja kunisalimia, alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

“Kumbe,” akasema. “Bibi akitoka tu, mimi nabandua udongo upande wa ukutani, nachungulia. Nilitaka zione haya.”

Nikakumbuka fimbo zile, nami nikacheka. Mjukuu akatukaribisha ndizi alizonunua sokoni Ruangwa, za manjano zinazong'aa, akijisifu kwamba siku hizi zinaivishwa upesi kwa dawa, hakuna cha mtungi wala haya. Somoe alimenya moja, akaing'ata, akairudisha kwenye sahani taratibu.

“Imeiva ganda tu, mdogo wangu,” akaniambia. “Ndivyo nilivyotolewa mimi.”